Nyigu wa Gongoni

Katika mtaa wa Gongoni, mjini Tabora, walikuwapo watu watatu ambao kila mmoja wao alikuwa na pikipiki ya Vespa. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani, Mnyamwezi wa papo hapo; wa pili alikuwa karani wa reli, Mzaramo aliyeletwa na kazi akabakizwa na ndoa; wa tatu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ambaye wazee wake walitoka Manyema pamoja na msafara wakasahau njia ya kurudi. Pikipiki zao zilikuwa kuukuu tangu siku ya kununuliwa, nazo zilinunuliwa kwa nyakati mbalimbali katika miaka ya 1970 kutoka kwa watu waliokwisha kuzichoka. Hapana mmoja wao aliyemshawishi mwenziwe kununua. Lakini siku ile Vespa ya pili ilipopita mtaani, ya kwanza ilikuwa imelazwa mbele ya baraza ya cherehani, matumbo nje, na mwenye ile ya pili akasimama, akazima moto, akauliza: “Ina nini?” Urafiki wa miaka zaidi ya arobaini ulianza kwa swali hilo.

Vespa kwa Kiitalia maana yake ni nyigu. Husimuliwa kuwa Enrico Piaggio, mwenye kiwanda, alipoonyeshwa chombo hicho kwa mara ya kwanza, akaona kiuno chake chembamba na makalio yake mapana, alisema kuwa kinafanana na nyigu, na jina likabaki. Kiwanda chake cha Pontedera kilikuwa kikiunda ndege, kikabomolewa kwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili. Na vita vilipokwisha, Italia haikuwa na haja tena ya ndege za vita bali ya watu kufika kazini. Mhandisi aliyepewa kazi hiyo, Corradino D'Ascanio, alikuwa bingwa wa ndege na helikopta, wala hakuzipenda pikipiki hata kidogo. Aliziona kuwa ni chafu kwa sababu ya mnyororo, ni ngumu kuzipanda, na ni taabu tupu gurudumu linapotoboka. Kwa hiyo, katika uvumbuzi ulioandikishwa mwezi wa Aprili 1946, aliuficha mtambo chini ya bati, akauondoa mnyororo, akaiweka gia katika mkono wa kushoto, na gurudumu la mbele akalishika kwa upande mmoja tu, kama la ndege, ili lipate kufunguliwa upesi kama la motokaa. Basi chombo kilichopendwa na mamilioni kilitoka mikononi mwa mtu asiyependa vyombo vya jinsi hiyo. Yafaa wanafunzi wa fasihi walikumbuke jambo hili wanapoambiwa kwamba mtunzi hana budi kuanza kwa kuipenda sanaa aliyoirithi.

Mwaka 1948 kiwanda hicho hicho kilitoa chombo cha magurudumu matatu cha kuchukulia mizigo, kikaitwa Ape, yaani nyuki. Kampuni ya Bajaj ya India ilipata ruhusa ya kuunda vyombo vya Piaggio katika miaka ya 1960, na mkataba ulipokwisha ikaendelea kuunda vya namna ile kwa jina lake yenyewe. Ndiyo maana chombo cha abiria cha magurudumu matatu huitwa bajaji katika Tanzania nzima, hata kikiwa kimetoka kiwanda kingine kabisa. Tabora ni nchi ya asali tangu kale. Mizinga imetundikwa miomboni, na asali yake husifiwa mpaka pwani. Mji huo, pasipo kujua, umejaa wajukuu wa nyuki wa Pontedera. Ila nyigu wa Gongoni walikuwa watatu tu.

Vespa za zamani hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Oili ikizidi, plagi huingia masizi na chombo huzimika. Ikipungua, pistoni hukwama ndani ya silinda, na kifo hicho hakina ufufuo wa njiani. Fundi alipima oili kwa kizibo cha chupa, Karani kwa kikombe chenye alama kama cha zahanati, na Mwalimu kwa jicho. Na Mwalimu ndiye aliyesukuma kuliko wenziwe. Watu wasiojua vyombo hivi hudhani ya kuwa wapenzi wake huwa marafiki kwa sababu wamependa kitu kimoja. Hiyo ni nusu ya kweli. Watu wawili wenye redio za namna moja hawawi marafiki kwa ajili ya redio. Urafiki wa namna hii hutokana na kusimama kwa chombo. Pikipiki isiyoharibika humpeleka mwenyewe aendako peke yake, naye hana sababu ya kutazama nyuma. Pikipiki iharibikayo humlazimisha kutafuta mtu wa kushika tochi. Italia ilikuwa na chama chake cha wapanda Vespa tangu mwaka 1949, chenye beji na misafara. Gongoni hapakuwa na beji. Palikuwa na tochi moja, mali ya Karani.

Katika miaka ya shida, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vipuri viliadimika, petroli ikawa ya kupimiwa, na siku ya Jumapili magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku barabarani kuanzia saa nane mchana. Watatu hao walitoka asubuhi wakarudi kabla ya marufuku. Plagi moja nzima iliwatosha watu watatu kwa muda wa majuma, ikihama kutoka Vespa hii kwenda ile kulingana na nani mwenye safari ya haja. Waya wa klachi ulipotoka Dar es Salaam, ulikuja kwa treni umeviringwa ndani ya kofia ya Karani. Fundi aliwashonea viti vyote vitatu kwa turubai moja, mshono mmoja. Tangu siku hiyo mtoto yeyote wa mtaani aliweza kusema Vespa fulani ni ya kundi hata mwenyewe asipokuwapo.

Walikuwa na kanuni moja tu, nayo hawakuiandika: mwenye chombo kibovu siku hiyo ndiye atanguliaye. Watu wengi husafiri kinyume cha hivyo. Mwenye nguvu hushika mbele, dhaifu hufuata vumbi, na wa mbele hugeuka baada ya kilometa kumi akaona kuwa yuko peke yake. Fundi alisema ya kuwa aliyetangulia hawezi kuachwa, na hoja ikaishia hapo.

Kanuni hiyo ilijaribiwa katika njia ya Sikonge, kusini ya mji, yapata kilometa 70 za mchanga. Pistoni ya Mwalimu ilikwama, kwa sababu ya jicho lile lile. Kamba ya katani waliyokuwa nayo ikakatika mara mbili. Fundi alikuwa amechukua kitambaa cha kaki cha mteja, alichokusudia kukishona sare. Akakitazama kidogo, akakipasua kwa meno, akakisokota kamba, wakamvuta Mwalimu mpaka nyumbani kwa gia ya pili. Juma lililofuata ikampasa Fundi kulipa kitambaa cha watu. Asubuhi alikuta bahasha mbili zimetiwa chini ya mlango, kila moja ina theluthi ya bei, wala hapana aliyewaambia bei ilikuwa kiasi gani.

Lakini safari yao ya kawaida ilikuwa fupi, mpaka Kwihara, nje kidogo ya mji, ilipo ile tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Hawakwenda kwa ajili ya Wazungu hao. Walikwenda kwa kuwa kuna miembe, na umbali unatosha chombo kupata moto bila kupata maradhi. Huko walikunywa chai ya chupa, wakala mihogo, wakataniana. Utani wa Mzaramo na Mnyamwezi, kama ijulikanavyo, ulizaliwa njiani katika zama za misafara, wakati wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wakipita Uzaramo kwenda na kurudi pwani. Na hapo Kwihara ulikuwa umerudi kwao.

“Babu zako,” Karani alikuwa akisema, “walikuwa Vespa za Waarabu.”

“Na babu zako,” Fundi hujibu, “walikaa njiani kuzitoza hongo.”

Mwalimu hakuwa mtani wa yeyote kati yao, basi alicheka tu na kujaza vikombe. Lakini yeye ndiye aliyekuwa amesoma, na baadhi ya aliyoyasoma hayakuchekesha. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 30, kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, mwendo wa kilometa 800 na zaidi. Kirangozi alitangulia na bendera na ngoma, waliofuata waliimba, kambi iligawana posho na moto. Ulikuwa ushirika wa kweli, na sifa ya Wanyamwezi ilienea kwa huo. Hata hivyo, ndui ilipoingia msafarani, mgonjwa aliachwa. Alilazwa chini ya mti, pengine na kibuyu cha maji, na mzigo wake ukagawanywa kwa wenziwe, kwa sababu mzigo ulikuwa na mwenyewe aliyeungoja pwani. Mzigo ulifika, bega lililouchukua halikufika. Njia hiyo ilikuwa na mifupa kandokando, na wasafiri walioandika habari zake waliiona. Wako wasemao “msafiri kafiri” kwa mzaha. Wale walioachwa chini ya miti wangeweza kuisema kama ushahidi.

Na njia hiyo hiyo ndiyo iliyoona kinyume chake. Livingstone alifariki mwezi wa Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, na Chuma na Susi pamoja na wenzi wao wakaukausha mwili wake wakauchukua kuelekea pwani. Walipofika Kwihara mwezi wa Oktoba, Mwingereza Cameron, waliyemkuta hapo, aliwashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Mbele ya safari watu wa njiani hawakutaka maiti ipite nchini mwao; basi wasafiri wakafunga mabua ya mtama kwa mfano wa maiti, wakayarudisha Unyanyembe kana kwamba wamekubali, na mwili wenyewe wakaufunga kama mtumba wa nguo. Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Katika njia iliyozoea kumwacha mtu na kuendelea na mzigo, safari hii mtu ndiye aliyekuwa mzigo. Ila wakati wa mazishi, tarehe 18 Aprili 1874, katika kanisa la Westminster, London, Chuma na Susi hawakuwapo. Hapana aliyewalipia nauli kwa wakati. Fundi aliposikia habari hii kwa mara ya kwanza alinyamaza, kisha akauliza kama mwisho wake ulikuwa lazima uwe hivyo.

Fundi alifariki mwaka 2018. Karani, aliyekuwa anakaribia miaka themanini, alitimiza haki ya mtani. Jeneza lilipotolewa akalizuia mlangoni, akadai hongo ya babu zake. Akapewa sarafu, akaikataa kuwa ni ndogo. Kisha akashika kiuno, akainua mguu, akaigiza jinsi marehemu alivyokuwa akipiga teke la kuwashia Vespa: mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na lile neno lake la chini kwa chini baada ya la nne. Watu wakacheka huku wanalia. Alipopiga teke la tano akashindwa kuendelea, Mwalimu akamshika mkono akamtoa njiani.

Baada ya matanga ilibaki Vespa. Kijana wa marehemu, aliyekuwa na maisha yake mbali, alikwisha kupatana bei na mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye hupima kila kitu kwa kilo. Karani akataka mtambo wake. Vespa yake mwenyewe ilikuwa imekufa silinda tangu mwaka mzima, na hapana kipuri kilichopatikana. Mwalimu akakataa kwa ukali ambao haukutazamiwa. Alitaka chombo kibaki kizima, kipakwe mafuta, kiwekwe ndani kama kilivyoachwa. Kumfungua nyigu huyo, alisema, ni kugawana mzigo wa mtu aliyeachwa chini ya mti.

Katika ushindani huo Mwalimu alileta mfano wa Waitalia. Katika Vita Kuu ya Kwanza, katika kikosi cha ndege cha jeshi la maji la Italia, walikuwapo vijana watatu walioahidiana kuunda pikipiki vita vitakapokwisha: Carlo Guzzi awe fundi, Giorgio Parodi atafute fedha, Giovanni Ravelli, aliyekuwa mshindani wa mbio, azishindishe. Vita vikaisha wote wakiwa hai. Mwezi wa Agosti 1919 ndege ya Ravelli ikaanguka, naye akafa. Wawili waliobaki wakaanzisha kampuni mwaka 1921, ikaitwa Moto Guzzi, na kwa ajili ya mwenzi wao wakaweka alama ya tai aliyekunjua mabawa. Tai huyo yuko mpaka leo. “Wenzetu,” Mwalimu alisema, “hawakumfungua marehemu wao parafujo.”

“Tai yuko juu ya tangi la pikipiki inayokwenda,” Karani akajibu. “Hakufungiwa kabatini.”

Wakaachana hapo, na kwa majuma mawili watu hao, walioonana kila siku kwa miaka arobaini, walisalimiana kwa mbali. Ni vigumu kusema nani alikuwa na haki. Mwalimu aliogopa kwamba rafiki akitumika baada ya kufa atakuwa amegeuzwa chombo; Karani aliogopa kwamba asipotumika atakuwa amezikwa mara mbili. Zaidi ya hayo, na hili hapana aliyelitamka, hapana kati yao aliyekuwa amemwuliza mwenye mali.

Mjane aliwaita eda ilipokwisha. Walimkuta barazani, na Vespa imetolewa nje imefutwa vumbi.

“Shemeji zangu,” alisema, “nasikia mnagombea chuma changu.”

Wakainamisha vichwa.

“Miaka arobaini na miwili chombo hiki kimelala ndani ya nyumba yangu. Kimekula sabuni yangu, kimenukisha shuka zangu petroli, na kila Jumapili kimemchukua mume wangu asubuhi kikamrudisha mchana. Mimi sijakipanda hata siku moja. Fungueni mnachotaka, fungeni mnachotaka. Mwanangu nitasema naye mimi. Bei yangu ni hii: nipelekeni huko mlikokuwa mkienda, nikaone kuna nini.”

Katika miaka yote hiyo ya kungojana barabarani, ya kugawana plagi na kulipana kitambaa, haikuwahi kuwapitia kwamba yuko mtu mwingine aliyekuwa akingoja. Karani alikiri baadaye kwamba maneno hayo yalimwuma kuliko kifo chenyewe, maana kifo hakikuwa kosa lake.

Kazi ilichukua karibu mwezi. Mtambo wa Fundi uliingizwa katika bodi ya Karani, pamoja na kabureta na kiti cha turubai. Platini zilitoka kwa Mwalimu, ambaye alizileta mwenyewe, bila kuombwa, katika kiberiti kilichotupu. Bodi ya Fundi ilibaki kwa mjane, ikawekwa ukumbini. Basi kila mmoja akapata nusu ya alichotaka. Asubuhi ya Jumapili mjane akatoka amevaa baibui, akakaa kiubavu nyuma ya Karani, ambaye kwa kuwa ni mtani hapakuwa na neno. Kwa mujibu wa kanuni wakatanguliwa na chombo kibovu, yaani hicho chao; Mwalimu akafuata.

Hawakufika nusu ya njia. Vespa ilikohoa, ikapiga mshindo mmoja, ikanyamaza chini ya mwembe. Karani akapiga teke mara nne. Mjane akashuka, akakung'uta vumbi, akalisema lile neno la marehemu, neno kwa neno, kwa sauti ya kawaida. Wazee wawili wakatazamana.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa akirudi mjini mtupu akapunguza mwendo, akasimama.

“Shikamooni. Babu, ina nini?”

Hakuwa amepata kuona pikipiki isiyo na mnyororo. Akachuchumaa, akaizunguka, akataka kujua mtambo uko upande gani, na alipoonyeshwa akashangaa kwamba haiangukii upande huo. Ilipodhihirika kwamba kazi itachukua muda, mjane hakutaka kungoja. Alikuwa amekwisha kungoja vya kutosha. Akapanda nyuma ya kijana akaenda zake. Kijana alirudi baada ya robo saa, akaikanyagia Vespa ya Karani mguu kwa nyuma, akaisukuma hivyo mpaka Kwihara, pikipiki moja ikiiendesha nyingine, na Mwalimu akifuata kwa mwendo wa mazishi. Nauli ya bibi alikataa, ila shilingi elfu mbili za mafuta akazipokea, wala hapana aibu katika hilo.

Walimkuta mjane amekaa chini ya mwembe, kando ya jiwe walilokuwa wakiweka vikombe. Alikuwa amekwisha kuizunguka tembe, ameziona kuta nene za udongo na ua mtupu.

“Kumbe hakuna kitu huku,” alisema.

“Hakuna, shemeji,” Mwalimu akajibu, akafungua chupa ya chai.